Barabara Mpya za Grand Convoi

Ijumaa, 7 Mei 2021

Wiki moja tu! Aubin fundi ameniandikia: disque ya muchezo wetu wa télé, Grand Convoi ya tatu, imeshatoka Kampala, nitaipata siku moja baada ya Idi. Nilisoma message darasani, mbele ya wanafunzi arobaini na saba, nikapiga kelele — Alhamdulillah! Wakafikiri vita imekwisha. Maskini. État de siège imeanza jana, askari wamekalia kiti cha gouverneur, ndugu za Mama Perpétue jirani yetu hawalali huko Beni — na mwalimu wa géographie anashangilia camion za kwenye télé.

Na nina miaka thelathini na mbili. Nimeiandika kwa herufi ili iniume vizuri.

Na bado naogopa. Zile mbili za kwanza hazina kasoro. Wachezaji ni wawili: mumoja anaendesha camion, mwingine anashika carte na kumuambia njia. Papa usukani, miye carte. Mumoja akilala, wote hamufiki. Sasa nasoma kwamba waliozitengeneza wameondoka, wamekuja wengine, nao wanajisifu: "Barabara zote ni mpya!" Nani aliwaomba barabara mpya?

Wakati wa futari nikamuambia Papa. Akapuliza uji wake. "Miye ile ya pili inanitosha." Anaicheza kila siku baada ya alasiri. Anaijua kona kwa kona, daraja kwa daraja. Anaweza kugombana na Mama Perpétue dirishani kuhusu kuku wake wanaoingia kwetu, huku camion inapita ukingoni mwa shimo na haigusi jiwe! Alistaafu kwa sababu ya mugongo, lakini dereva wa kweli hazeeki. Nawaambiaga watu hivyo, nikijivuna, kama vile nimemufundisha miye.

Jumatatu, 10 Mei

Leo, badala ya kusahihisha interro, nimefanya hesabu ya kijinga. Ya kwanza tuliipata 2008: waasi wakafika mulangoni mwa muji, tukalala na viatu miguuni. Ya pili, Novemba 2012: waasi wakaingia kabisa. Wao barabarani, sisi ndani, madirisha yamefungwa, tunapeleka chumvi kwenye muji ambao haupo duniani.

Nikamuambia Papa: kila Grand Convoi ikitoka, Goma inakimbia. Akasema, "Basi waandikie wasitoe ya ine."

Kuna jambo lingine. Mama alitutoka 2011. Mwaka muzima nyumba ilikuwa na watu wawili na maneno matatu: umekula, sawa, lala. Kisha ya pili ikaja. "Kushoto, Papa!" — "Kushoto gani, kuna shimo!" Tukaanza tena kugombana. Sijawahi kufurahia ugomvi namna ile.

Mutu akiniuliza kwa nini naogopa sana kwa ajili ya muchezo, nitamuambia napenda picha zake.

Ijumaa, 14 Mei

Imefika. Mbaya!

Nilivaa nguo ya Idi kwa ajili ya disque. Ndiyo. Karanga kwenye sahani, télé imepanguswa, miye nimejipaka manukato kama bibi arusi. Papa akashika manette ya kuendeshea. Camion nyeupe ikatoka dépôt, na dakika ya ine tukaingia mutoni. Tukaanza tena: ukuta wa dépôt. Tukaanza tena: mutoni.

"Kulia, Papa! Kulia!"

"Kulia wapi? Hawa watu walizima taa? Giza tupu!"

Nikaangalia. Kusema kweli sikuona giza sana. Lakini Papa ameendesha miaka thelathini na tano, kutoka Kindu mpaka Kampala, miye ninajua nini? Nikakaza macho mpaka nikaliona giza.

Akaweka manette mezani polepole, kama anaweka yai. "Wameiharibu," akasema. Akaenda kuswali.

Wameiharibu! Si nilisema? Nikala karanga zote peke yangu kwa hasira.

Jumatatu, 17 Mei

Nimemuita Aubin aangalie télé. Anatengeneza télé za nusu ya Ndosho, quartier yetu. Tuliongeza mwanga mpaka mwisho, mchanga wa kwenye picha ukawa mweupe kama unga wa muhogo. Papa akajaribu. Mutoni.

"Mwalimu," Aubin akasema, "télé yako haina ugonjwa." Nikamujibu kwamba yeye ni fundi, hajui sanaa. Mungu wangu! Mutu amekuja bure.

Kisha nikaandika kwenye site ya wachezaji. Kwa Kifaransa kikali, paragrafu ine: giza, dharau kwa wachezaji wa zamani, mwisho wa ndoto. Nikatia sahihi "Copilote de Ndosho". Mutu wa Dakar akajibu baada ya dakika kumi: giza gani, dada? Safari yote ya kwanza ni saa sita ya muchana.

Nikamuambia yeye bado mutoto, ya kwanza ilipotoka alikuwa ananyonya. Nikafunga simu. Nilijisikia mushindi.

Jumapili, 23 Mei

Tuko hai. Nyumba imesimama. Volcan ilipasuka jana jioni.

Ilikuwa saa moja hivi. Mbingu ya upande wa Nyiragongo ikawa nyekundu, mutaa muzima ukatoka nje. Papa alikuwa mulangoni, uso ameuelekeza kule kule.

"Huo moto ni wa nani? Wa jirani?"

Wa jirani! Nikafikiri anatania — Papa anataniaga hata kwenye kilio. "Papa, ni volcan!"

Akashika ukingo wa mulango. "Iko mbali ao karibu?"

"Nitajua miye? Tutoke!"

Sasa niandike nilichobeba, nisije nikajidanganya siku moja. Diplôme yangu: hapana. Dawa ya Papa ya pressure: hapana. Picha ya Mama: hapana. Nilibeba console, mashine ya muchezo. Niliifunga ndani ya nguo ya Idi, nikaitia kichwani kama beseni ya nyanya.

Mama Perpétue alibeba sufuria ya maharagi bado yanachemka, na rozari shingoni. Alikaza macho juu ya kichwa changu. "Mwalimu, hiyo ni nini?"

"Dossier za shule."

Nilisema uongo mbele ya volcan.

Tulitembea mpaka Mugunga pamoja na muji muzima, mbuzi, magodoro. Mwaka 2002, volcan hii ilipopasuka, Papa alipakia watu kwenye camion yake, safari tatu mpaka Sake, ndani ya moshi. Jana alinifuata, amenishika mukono wa nguo. Nikafikiri ni uzee. Nikaona hata vizuri kushikwa. Asubuhi wakasema lava imesimama Buhene, tukarudi. Huko Buhene kuna watu hawana hata pa kurudia.

Console haina mukwaruzo.

Jumanne, 25 Mei

Ardhi inatetemeka kila wakati. Ukuta wa jikoni una ufa ambao kidole kinaingia. Courant, umeme, ilirudi kwa saa mbili tu, na kati ya tetemeko na tetemeko nikafungua site kuona kama mutu wa Dakar amejibu. Hakujibu. Nikaudhika!

Papa akaomba ya pili. Akaendesha, sahani zinacheza kabatini, kiti kinatembea chini yake, na hakugonga kitu. Hata jiwe.

"Unaona?" nikamuambia. "Dereva yuko palepale. Muchezo ndio ulioharibika."

Niliongeza paragrafu ya tano.

Alhamisi, 27 Mei — Sake

Asubuhi redio ilisema watu watoke, moto uko chini ya muji, labda hata chini ya ziwa. Wakasoma liste ya quartiers. Ndosho haimo. Nani amengoja liste? Saa mbili Ndosho ilikuwa tupu, hata kuku za Mama Perpétue zilikuwa kichwani mwake, ndani ya kitunga.

Safari hii nilibeba diplôme, dawa, na picha ya Mama. Na console. Sina la kujitetea.

Hakuna pikipiki ya kukodi, hakuna nafasi kwenye camion. Tulitembea. Papa mukono wake juu ya mufuko wangu, muguu wake unatafuta kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Watu walitusukuma. "Muzee, tembea!" Miye pia nilisema mara mbili: Papa, tembea.

Karibu na Sake kulikuwa gunia la makaa kando ya barabara. Refu, limefungwa majani juu, kama kofia. Papa akasimama. Akaweka mukono kifuani.

"Salaam aleikum, muzee. Pole na safari."

Nilicheka. Mama Perpétue akacheka mpaka kuku zikapiga kelele. Nikasema moyoni, huyu baba, hata leo anatuchekesha.

Papa hakucheka. Alikuwa anangoja jibu. Kisha akainama kidogo na kusema kwa upole: "Pengine ni mukristo. Jambo, muzee."

Hapo nikaacha kucheka.

Niliinua vidole vitatu mbele ya uso wake. Macho yake yalibaki kwenye gunia. Nikavishusha. Mama Perpétue aliona. Akahamisha kitunga, akapita upande wa pili wa Papa, akamushika kiwiko, na akaanza kulalamika juu ya miguu yake kwa sauti, kana kwamba ni yeye ndiye anahitaji kushikwa.

Tukafika hivyo. Tuko kwa dada yake Mama Perpétue. Tuko watu kumi na sita ndani ya vyumba viwili. Sijamuuliza bado. Ninaandika ili nisimuulize.

Ijumaa, 28 Mei — Sake

Nimemuuliza. Tulikuwa nyuma ya nyumba, tunachambua maharagi. Yeye anachambua kwa vidole, haangalii. Nimemuona akichambua hivyo mara mia.

"Papa. Tangu lini?"

Hakujifanya hajui. Alitupa jiwe dogo pembeni. "Tangu Kalengera."

Safari yake ya mwisho, miaka tatu iliyopita! Alikuwa anatoka Rutshuru na mahindi. Karibu na soko la Kalengera mutu mumoja akavuka. Papa akamukwepa.

"Niliona mutu mumoja, mama. Walikuwa wawili. Yule wa pili nilimusikia anapiga kelele. Alianguka, kitunga chake kikaenda chini ya gurudumu. Kitunga tu. Niliteremka nikamushika uso nijue kama ni muzima. Msichana. Akanitukana vizuri sana." Akatabasamu kidogo. "Nikamupa mwenzangu wa kwenye camion ufunguo palepale. Nikasema ni mugongo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungelia. Na ungeninyang'anya manette."

Mugongo! Miaka tatu nimemupaka mafuta kwenye mugongo usiouma!

"Lakini unacheza," nikasema. "Hugongi kitu."

"Ile ya pili si kuona, Saumu. Ile niko naijua. Nasikia daraja, nahesabu mpaka kumi na mbili, nakata kulia. Hii yenu mpya..." Akatafuta neno. "Hii, kila kitu kiko mahali sikijui. Na wewe ulikuwa umeingoja sana."

Basi. Giza lililoniandikisha paragrafu tano lilikuwa ndani ya macho ya baba yangu. Miye copilote. Kazi yangu yote ni kuona!

Nilikwenda kujificha kwenye choo nilie. Kuna queue hata kwa choo. Nikalia kwenye queue. Mama mumoja akanipa nafasi yake, alifikiri ni tumbo.

Jumatano, 2 Juni — Sake

Maji ni shida. Mvua. Sasa ninamuambia Papa kila kitu ninachokiona, mpaka anachoka. "Kuna dimbwi. Kuna mbuzi. Kuna askari wawili." — "Saumu, mbuzi namusikia. Niambie zile ambazo zimenyamaza."

Jumatano, 9 Juni

Tumerudi. Ufa wa jikoni, sasa ngumi inaingia. Mengine sawa. Kuku mumoja amekufa njiani, Mama Perpétue amemulilia na kisha amemupika.

Courant ilikuwapo. Papa akakaa kwenye kiti chake. "Weka ya tatu."

"Papa, si lazima."

"Weka. Wewe endesha. Miye nitasikiliza."

Kuendesha! Sijawahi kushika usukani, hata wa baiskeli. Mutoni mara saba. Dépôt nimeibomoa. Papa alikuwa ameinamisha kichwa upande wa télé. "Punguza. Husikii? Injini inalia." — "Sasa ongeza, unapanda." — "Na wewe wanakuitaga mwalimu wa géographie?"

Mara ya nane tukavuka daraja. Ndipo nilipoiangalia kwa mara ya kwanza. Kuiangalia kweli, siyo kumuangalia Papa kama amefurahi. Nikaanza kumuambia: jua liko juu kabisa. Kuna vumbi nyekundu. Kuna mama watatu wanatembea na kuni mugongoni, tukipita wanageuza uso vumbi lisiwaingie. Nyuma yao kuna mulima wa bluu ambao njia inauzunguka, na unabadilika sura kila kona, na sijui kitakachofuata.

Muchezo huu ni muzuri. Mungu anisamehe, ni muzuri sana! Sijui kama unapita ile ya pili. Ile ya pili ilinirudishia baba. Muchezo gani utapita hapo? Lakini hawakuuharibu.

Papa aliinua kichwa. "Basi hawakuuharibu."

"Hapana, Papa."

"Hata kidogo?"

"Muziki kidogo."

"Muziki nilisikia," akasema. "Muziki ni takataka." Tukacheka mpaka camion ikaenda mutoni.

Nimefuta paragrafu zote tano. Kwa mutu wa Dakar nimeandika: ulisema kweli, ni saa sita ya muchana. Amejibu kwa kidole gumba tu. Nikafungua ukurasa wake: kumbe ana miaka hamsini na sita, ni daktari wa meno.

Jumanne, 15 Juni

Clinique ya macho, Himbi. Mustari tangu alfajiri. Daktari alimuwashia Papa taa jicho moja, halafu lingine, halafu akarudi kwa la kwanza. La kulia ni mutoto wa jicho, wanaweza kumutoa. La kushoto limekufa, pressure ya ndani ya jicho imeliua polepole. "Mungekuja mapema, miaka mbili iliyopita," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali aseme kwa ubaya.

Nje Papa akasimama ukutani. "Nitafikiri."

"Kufikiri nini?"

"Sasa ninaona mwanga, mama. Nikiangalia mulango ninajua ni muchana. Mukono wa daktari ukiteleza kidogo, nitapoteza hata mulango."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumushawishi, na asilimia na mifano. Ninafundisha kwa mifano. Sikusema hata moja. Nikamuambia kuna ngazi tatu mbele yake, ya mwisho imevunjika.

Jumapili, 20 Juni

Amekubali. Hakunieleza kwa nini. Alimuambia Mama Perpétue dirishani, si miye, na Mama Perpétue akaja kunieleza huku akijifanya anatafuta kuku. Yeye mwenyewe ameweka misa kwa jina la baba yangu, Papa Aruna, huko paroisse. "Asijue," akasema. "Anajua," Papa akapiga kelele kutoka ndani. "Waambie wataje jina vizuri!"

Alhamisi, 24 Juni

Clinique. Walimupasua jana. Amelala hapa, miye nimelala kwa kiti, shingo yangu imekuwa ya mbuzi. Leo wanatoa bandeji.

Naandika juu ya goti. Wagonjwa sita wako kwenye banc moja, kila mumoja na jicho moja jeupe, wamenyooka kama watoto wa première communion kanisani. Papa ni wa tano. Infirmière Marcelline ameanzia upande ule mwingine. Wa kwanza, mama wa Kinande, amefunguliwa, akaangalia mikono yake mbele na nyuma, akaanza kuimba. Wa pili akauliza ni nani amepaka ukuta rangi hii mbaya. Watu wote wakacheka. Papa hakucheka.

Wa tatu anasema ni ukungu tu. Marcelline amemuambia angoje, mara nyingine inachukua siku. Wa tatu anasema tena, sasa kwa sauti ndogo: ni ukungu tu.

Papa amesikia. Ananiuliza nimevaa nini leo. Nimemuambia ya kawaida. "Rangi gani?" Nimesema utaona mwenyewe — kisha nikatamani kuula ulimi wangu. Utaona! Mwalimu mzima!

"Saumu."

"Niko hapa."

"Kaa mbele yangu. Siyo pembeni. Mbele."

Nimehamia chini, sakafuni, kati ya viatu vyake. Naandika bila kuangalia karatasi, angalia mwandiko huu. Wa ine amekwisha, sikusikia alisema nini. Marcelline anasimama mbele ya Papa, ameshanawa mikono. Anamuambia, muzee, fungua polepole, usilazimishe. Ukucha wake umeingia chini ya plasta. Imetoka nusu. Jicho liko chini yake, limefungwa, kope zimeshikamana, linatoka machozi.

Papa ameshika mukono wa Marcelline.

"Ngoja kwanza," anasema. "Ngoja kwanza, mwanangu."